Goti Linapouma Ukiwa na Miaka 50: Upasuaji Uwe Lini?

Kama uko shambani na redio umeitundika kwenye mti wa kahawa, endelea na kazi huku ukisikiliza. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, maana mazungumzo ya leo si mafupi.

Leo tunazungumza juu ya goti. Si goti la cucu wa miaka 80. Ni goti la mama wa miaka 45, 50 au 55, ambaye bado ana watoto shuleni, ana ng'ombe wa kukamua na majani chai ya kuchuma. Mama huyu amekwenda hospitali, amepigwa picha ya eksirei, akaambiwa, "Mama, goti limekwisha. Utahitaji kubadilishwa goti." Anaporudi nyumbani anakuta kila mtu ana lake. Mume anasema tungoje kwanza. Binti aliye Nairobi anapiga simu, anasema afanyiwe mwezi huu, tutachanga. Jirani anasema alimjua mtu aliyepasuliwa goti na hakutembea tena. Naye mama mwenyewe amenyamaza, anasugua goti kwa mafuta usiku watu wakiwa wamelala.

Wanaume nao wana magoti, najua, na baba anayesikiliza asizime redio. Lakini kwa kazi yangu ya kutembelea nyumba, wengi ninaowakuta na shida hii ni akina mama.

Kwanza tuelewe kinachouma. Ukimchinja kuku ukamkata paja, pale kwenye kiungo unaona kitu cheupe, laini, kinachong'aa. Hiyo ndiyo gegedu. Hata sisi tunayo, mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa mfupa wa muundi, na ndiyo inayofanya goti liteleze bila kusagana. Miaka inavyokwenda, gegedu hulika. Hulika haraka zaidi kwa mtu mwenye uzito mkubwa, kwa aliyewahi kuumia goti, kwa mwenye miguu iliyopinda, na kwa aliyebeba mizigo mizito miaka mingi. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma. Watu wa huku juu, Githongo au Kianjokoma, husema ni baridi ya mlima. Baridi huweza kufanya kiungo kikakamae na kuuma zaidi asubuhi, lakini baridi siyo inayokula gegedu.

Upasuaji wenyewe hauondoi goti lote kama spea ya gari. Daktari wa mifupa hukata kipande chembamba cha mwisho wa kila mfupa, akavika mifupa hiyo chuma maalumu, na katikati ya vyuma akaweka plastiki ngumu inayoteleza. Mara nyingi mgonjwa huchomwa ganzi ya mgongoni, hivyo sehemu ya chini haisikii kitu. Kazi huchukua kama saa moja na nusu au mbili, na wengi husimamishwa siku hiyo hiyo au siku ya pili. Kwa hiyo yule jirani anayesema mtu hatembei tena hasemi kweli kwa wagonjwa walio wengi. Lakini yule binti wa Nairobi naye anayesema fanya tu mara moja hajaambiwa jambo moja kubwa.

Jambo lenyewe ni kwamba goti bandia nalo huchakaa au kulegea, na umri ndio unaoamua kama wewe au lenyewe mtamaliza kwanza. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya habari za wagonjwa wa nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba magoti bandia kama 82 katika kila 100 bado yalikuwa yakifanya kazi baada ya miaka 25. Hiyo ni habari njema. Sasa sikilizeni upande wa pili. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 uliangalia watu kwa umri waliokuwa nao siku ya upasuaji. Waliokuwa na miaka 70 na zaidi, kama 5 tu katika 100 wangehitaji kupasuliwa goti lile lile tena maishani mwao. Wanaume waliokuwa mwanzoni mwa miaka ya 50, ni 35 katika 100. Wanawake wa umri huo, kama 20 katika 100. Na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza: mfupa umepungua, gharama imepanda, na matokeo kwa kawaida hayawi mazuri kama ya kwanza. Nami naongeza langu: watu wale wa Uingereza wengi hawapandi milima ya Nyambene na mzigo mgongoni.

Je, basi mama wa miaka 50 angoje afike 70? La. Hapo ndipo wengi wanapokosea upande wa pili. Miaka 20 ya kuburuta mguu siyo kitu kidogo. Mtu asiyetembea huongezeka uzito, presha na sukari hupanda, misuli ya paja hukonda, goti lingine huanza kuuma kwa kubeba mzigo wa wote wawili. Mguu ukishapinda sana, na goti likakataa kunyooka kabisa, daktari hupata kazi ngumu na mgonjwa hubaki na ugumu hata baada ya kupasuliwa. Kwa hiyo kuna mapema mno, na kuna kuchelewa mno.

Tutajuaje katikati ni wapi? Watu hudhani picha ya eksirei ndiyo inayoamua. Picha haioni uchungu. Kuna mama picha yake inaonyesha mifupa imegusana kabisa, naye anakwenda soko la Gakoromone na kurudi. Kuna mwingine picha yake si mbaya sana, naye hapati usingizi. Anayepasuliwa ni mtu, picha haipasuliwi. Kwa hiyo angalia maisha yako. Chukua ile kalenda ya duka iliyotundikwa ukutani. Kwa mwezi mmoja, kila siku weka alama: usiku huu goti liliniamsha au halikuniamsha? Leo nilifika kituo cha kupimia majani chai kwa miguu yangu, au nilimtuma mtoto? Nilimeza dawa ya uchungu au sikumeza? Ukimpelekea daktari kalenda hiyo, atajua mengi kuliko ukimwambia tu, "Daktari, naumwa."

Halafu jiulize swali la pili, kwa ukweli. Je, nimejaribu njia nyingine, au nimepaka tu dawa na kulalamika?

Nasema hivi kwa sababu. Mwaka 2015 madaktari wa Denmark walichapisha utafiti wa watu 100 waliokuwa wamefikia hali ya kubadilishwa goti. Nusu walipasuliwa kisha wakapewa mazoezi, mafunzo, ushauri wa chakula na dawa. Nusu nyingine walipewa hayo yote bila kupasuliwa, kwa majuma 12. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu kubwa zaidi, hilo tusilifiche. Lakini hata wale ambao hawakupasuliwa wengi walipata nafuu, na ni 13 tu kati ya 50 walioamua kupasuliwa ndani ya mwaka huo. Na waliopasuliwa walipata madhara makubwa mara nyingi zaidi, kama damu kuganda mguuni na goti kukakamaa. Kwa mama wa miaka 50, kusogeza upasuaji mbele kwa miaka kadhaa akiwa na nafuu ni faida halisi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, kaza msuli wa paja, hesabu hadi 10, shusha polepole. Fanya mara 10 kila mguu. Kisha simama kutoka kwenye kiti na ukae tena bila kushika kitu, mara 10. Ukishindwa, anza kwa kiti kirefu zaidi. Asubuhi na jioni, majuma 12 bila kuruka. Goti litauma kidogo mwanzoni, na hilo si dalili kwamba unalimaliza. Uchungu ukizidi na kubaki hadi kesho yake, punguza idadi, usiache. Akina mama huniambia, "Sista, mimi nafanya kazi ya shamba mchana kutwa, mazoezi ya nini tena?" Kazi ya shamba huchosha goti. Mazoezi haya hukaza msuli unaolibeba. Ni vitu viwili.

Uzito nao. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Ukipunguza kilo 5, hesabu mwenyewe, na hatua za siku ni maelfu. Anza na sukari ya kwenye chai, na sahani ya mukimo iwe moja. Bakora pia husaidia sana, lakini wengi huishika vibaya. Goti la kulia likiuma, bakora ishikwe mkono wa kushoto. Najua wengine wanaona haya, wanasema bakora ni ya wazee.

Kuhusu dawa, nitasema wazi. Dawa za uchungu kama diklofenaki na brufeni zikimezwa kila siku kwa miezi huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Zinywe kwa muda na kwa ushauri. Ile ya kupaka ya aina hiyo ni salama zaidi, na kwa goti hufanya kazi. Sindano ya goti inayochomwa na daktari hutuliza kwa majuma au miezi michache, lakini ikirudiwa rudiwa inaweza kuharakisha kulika kwa gegedu. Unga usio na jina unaouzwa sokoni au ndani ya matatu, ukakutoa uchungu kwa siku moja kama muujiza, uogope. Dawa za namna hiyo hukutwa zimechanganywa na steroidi. Uso hujaa, sukari hupanda, mifupa hudhoofika, na ngozi ikishakuwa hivyo hata kidonda cha upasuaji huchelewa kupona.

Na jambo moja la haraka kabla hatujaendelea. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na mtu ana homa, hilo si la kungoja wala la mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

(Muziki mfupi)

Tumerudi. Sasa tuseme mama amefanya hayo yote kwa miezi sita, na kalenda bado imejaa alama. Usiku goti linamwamsha. Hawezi kufika kanisani. Amekonda paja, mguu umeanza kupinda. Huyu, hata kama ana miaka 52, wakati wake umefika, na asiambiwe kwamba ni mdogo mno. Amuulize daktari pia kama anafaa upasuaji mdogo zaidi. Kwa watu wa umri wa kati ambao upande mmoja tu wa goti ndio umelika, wakati mwingine mfupa hunyooshwa au nusu ya goti ndiyo hubadilishwa, na goti zima huachwa kwa baadaye.

Lakini kabla ya kusema ndiyo, ajue anarudi kwenye maisha gani. Hili ndilo nisilolisikia likizungumzwa hospitalini, kwa sababu kule kuna choo cha kukalia. Goti bandia hukunja vizuri kiasi cha kukaa kitini na kupanda ngazi. Kuchuchumaa kabisa juu ya choo cha shimo, wengi hawafiki tena. Basi kabla ya siku ya upasuaji, fundi wa mbao atengeneze kiti chenye tundu, imara, na kishikio ukutani. Kupiga magoti hakuvunji goti bandia, lakini wengi huona vibaya wakifanya hivyo, na ngozi ya pembeni ya kovu hubaki na ganzi. Mama aliyezoea kupiga magoti akisali, akipalilia au akipangusa sakafu, ajue hilo. Na mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba ya kichwani, kuteremka nao mlimani, huo auage. Goti limewekwa ili atembee, apike, aende sokoni, achume chai kwa kiasi. Halikuwekwa ili arudi kuwa punda wa nyumba. Samahani kwa neno hilo, lakini familia zinazosikiliza zimenielewa.

Ajue vilevile kwamba kama mtu 1 katika 5 waliobadilishwa goti husema hawakuridhika. Uchungu ulipungua lakini haukwisha, au goti lilibaki gumu. Maambukizi ndani ya goti hupata kama mtu 1 au 2 katika 100, na hilo ni jambo zito, linaweza kudai upasuaji mwingine. Kwa sababu hiyo matayarisho si ya mchezo. Sukari na presha ziwe zimeshikwa vizuri. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani wana mashine za kupima vyote viwili, waite. Damu isiwe pungufu. Jino bovu ling'olewe au kuzibwa kwanza. Miguu iangaliwe: mpasuko wa kisigino, funza, kidonda cha gambuti kati ya vidole. Kidonda kidogo huko chini kinaweza kupeleka vijidudu mpaka kwenye chuma. Anayevuta sigara au ugoro aache kabla.

Pesa je? Upasuaji huu ni wa laki kadhaa katika hospitali nyingi za kulipia. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na kadi ya zamani pekee haisaidii kitu. Jisajili, mchango wako uwe umelipwa, na hospitali iombe kibali kabla ya tarehe. Uliza maswali mawili ukiwa bado hujalala kitandani: SHA italipa kiasi gani, na kifaa chenyewe, yaani chuma na plastiki, kimo ndani ya malipo hayo au nakinunua mimi? Harambee nyingi hukwama hapo kwa swali la pili.

Mahali pa kuanzia ni kliniki ya mifupa ya hospitali ya rufaa, Meru au Embu, au Chogoria kama iko karibu nawe. Huenda ukaelekezwa mbali zaidi. Hospitali za misheni za Kikuyu na Kijabe zimejulikana miaka mingi kwa kazi ya mifupa, na Kenyatta pia ipo. Popote utakapokwenda, muulize daktari hufanya magoti mangapi kwa mwaka. Si utovu wa heshima. Aliyezoea kazi huifanya vizuri zaidi. Uliza pia nani atakayekuangalia kidonda ukisharudi Maua au Siakago, na fiziotherapia utaipata wapi, maana goti lisilofanyishwa mazoezi majuma sita ya kwanza hukakamaa, na pesa zote zimekwenda.

Hapa nawageukia ninyi mnaotunza. Mama atahitaji mtu kwa majuma sita angalau. Nani atakamua? Nani atateka maji? Mkisema tutaona, mama ataamka siku ya 10 akakamue mwenyewe, nimeshuhudia. Chagueni mwezi pia. Bonasi ya chai hulipwa Oktoba, na watu hukimbilia hospitali papo hapo, lakini Oktoba ndiyo mvua inaanza na njia zetu ni utelezi mtupu. Mtu mwenye magongo kwenye tope jekundu la Imenti ni hatari. Januari na Februari njia imekauka na mavuno ya kahawa yamepita. Najua Januari ina karo. Basi pesa ya bonasi iwekwe mahali ambapo karo haitaifikia.

Akirudi nyumbani, angalieni mguu kila siku. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au akishindwa kupumua ghafla, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, huenda damu imeganda. Kidonda kikitoa usaha, au homa ikipanda, msikitibu kwa vidonge vya dukani. Rudini kwa waliompasua.

Na wale mlio Nairobi au ng'ambo, mnaotuma pesa: tumeni, Mungu awabariki, lakini msiweke tarehe kwa simu. Muulizeni mama mwenyewe. Yeye ndiye atakayelala na kuamka na goti hilo, na yeye ndiye anayejua kama usiku wake bado unavumilika. Akisema bado, na anafanya mazoezi, mwacheni. Akisema sasa, msimwambie avumilie kwa sababu mama yake naye alivumilia.

Mwenye swali alilete kwenye zahanati iliyo karibu, au anitumie barua kupitia kituo hiki nami nitaijibu hewani. Wiki ijayo tutazungumza juu ya presha kwa mama mjamzito. Kwaherini.